Yai la Mtoto Asiyesema

Kama kuku akitaga hupiga kelele mpaka majirani wakasikia, yai lake litamfungaje mtoto ulimi?

Hilo ndilo swali nililomuuliza Bibi, mama yake baba, tukiwa juu ya dungu letu katikati ya mpunga, na kuku wetu mweupe akiwa chini kwenye tuta anaitangazia dunia nzima kwamba ametaga. Sikuuliza kwa ujeuri. Nilitaka kujua kweli. Bibi alinitazama, akaitazama ile kelele ya kuku kama vile anaiona, kisha akasema, "Mke mwenzangu, maswali yako yatanipukutisha meno yaliyobaki." Hivyo ndivyo alivyoniita, maana kwa utani wa kwetu marehemu babu alikuwa mume wetu sote wawili. Nami nilijaribu kujijibu mwenyewe msimu ule mzima, nikashindwa.

Wiki iliyopita swali hilo lilinirudia nikiwa nimesimama mbele ya jiko la gesi kwenye chumba changu cha kupanga, Dar es Salaam. Nilikuwa na nazi niliyoletewa kutoka Bungu na mayai niliyonunua dukani chini, nikasema leo nijipikie mayai ya tui. Harufu ya tui zito linapokutana na yai juu ya moto mdogo haifanani na harufu nyingine yoyote. Si ya kukaanga, si ya kuchemsha. Ni nzito, ina utamu kidogo, ina kitu kama maziwa na kitu kama karanga mbichi. Iliponifikia puani nilicheka peke yangu, kwa sauti, mwiko mkononi. Ghafla nilikuwa na miaka ile ya kupoteza meno ya mbele, nimekaa kwenye fito za dungu, miguu inaning'inia, nasubiri kulamba sufuria.

Msimu wa mpunga, watu wengi wa Maparoni tulikuwa hatulali kijijini. Tulihamia mashambani, kwenye madungu, vibanda vilivyosimama juu ya nguzo ndefu ili maji yakijaa yapite chini na mtu aweze kuona mpunga wake wote kutoka juu. Baba alikuwa Kiongoroni, anakata boriti za mikoko, tukimwona kwa nadra. Kwenye dungu letu tulikuwa Bibi, Mama, mimi, na mdogo wangu Shabani, ambaye alikuwa anajifunza kusimama kwa kushika kila kitu kilichosimama, pamoja na nywele zangu.

Kazi yetu watoto ilikuwa kuamia, yaani kufukuza ndege wasile mpunga. Mpunga unapoanza kutia maziwa ndani ya punje, kweleakwelea wanajua kabla hata mwenye shamba hajajua. Wanakuja kama moshi. Basi tangu jua linachomoza unapiga debe, unarusha madonge ya udongo kwa kombeo, na zaidi ya yote unapiga kelele. "Huyaaa! Tokaaa!" Dungu hili likinyamaza, lile linapokea, na la mbele yake linapokea tena, mpaka sauti inapotelea kwenye mikoko. Ukikaa kule muda, masikio yako yanaacha kuzisikia kelele hizo, kama mtu aliyezaliwa ufukweni asivyosikia mawimbi.

Mwenye kelele kuliko wote alikuwa Selemani, mtoto wa Bi Tatu wa dungu la jirani. Alinizidi umri kidogo na mdomo sana. Yeye hakuishia kwenye "toka." Aliwatukana ndege. "Toka, mwizi we! Mwizi we!" Sauti yake nyembamba ilipenya kila mahali. Nilimchukia, na nilimwiga.

Sasa, Shabani. Alikuwa mwembamba. Alikuwa ameugua homa kabla hatujahamia shambani, na baada ya hapo hakurudi kama alivyokuwa. Kichwa kilikuwa kikubwa, macho makubwa, mikono kama fito. Na alikuwa hasemi. Watoto wa rika lake walikuwa wanasema "mama," "baba," "maji." Yeye alinyoosha kidole na kuguna.

Siku ya kliniki nesi alikuja kwa boti. Mizani ilitundikwa kwenye boriti ya banda la kupokelea samaki, na watoto wakavalishwa mmoja mmoja ile suruali ya kupimia, wakaning'inizwa wakilia kama mbuzi wa Idi. Sisi wakubwa tulikuwa tunashangilia. Ilikuwa kama mashindano. Mtoto akiivuta mizani sana, mama yake alitembea kwa maringo mpaka pwani.

Shabani alining'inia hapo, hakulia hata. Mshale ulisogea kidogo tu, ukasimama. Nesi, mama mmoja mnene mwenye asili ya bara, akamtazama Mama.

"Mama, huyu anakula nini?"

"Uji."

"Uji wa nini?"

"Wa mchele."

"Na nini?"

"Na chumvi kidogo."

"Kuku mnao?"

"Tunao."

"Wanataga?"

Mama akaanza kumvua Shabani ile suruali. Wanawake kwenye foleni wakaanza kuchekacheka, maana walijua kinachofuata.

"Sasa hayo mayai mnamwekea nani? Kuku mwenyewe ayale?"

"Mtoto hajasema, sista," Bi Tatu akamsaidia Mama kujibu. "Mtoto ambaye hajasema hapewi yai. Likishatangulia yai, maneno hayaji tena. Atakuwa bubu."

Nesi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akairudisha. Nadhani alikuwa ameshasikia maneno hayo kwenye kila kijiji alichopita. "Nisikilize, mama. Chukua tui la kwanza, lile zito. Piga yai humo, pika polepole mpaka ligande laini, mlishe. Kila siku. Nikija tena, kama huyu mtoto hajaongezeka, nampakia kwenye hii boti mimi mwenyewe tunakwenda naye hospitali Kibiti. Sitaki ubishi."

Mama alimchukua Shabani, akamfunga mgongoni, akaondoka bila maringo yoyote. Njia nzima ndani ya mtumbwi alipiga kasia bila kupumzika. Mimi nilikuwa nimejaa furaha, naona aibu kidogo kuikumbuka. Mayai! Kwetu mayai yalikuwa ya mgeni, au ya kuatamiwa. Nilikuwa sijawahi kuona mtu ameandikiwa mayai kama dawa.

Ugomvi ulianza tulipofika. Haukuwa wa kelele. Kwa watu wa kwetu, mkwe hapigi kelele mbele ya mama mkwe.

"Nesi kasema apewe mayai, mama," Mama alisema, ameinamisha kichwa anachochea moto.

"Nesi ana watoto kwao?"

"Sijui, mama."

"Basi akawape wake." Bibi alimvuta Shabani akampakata. Kwa Bibi, Shabani alikuwa mume. "Huyu mume wangu mnataka aje kuposa kwa vidole? Mkwe wangu, mwili hurudi. Mtoto atakonda, atanenepa. Ulimi ukishafungwa nani ataufungua? Wewe?"

"Na akifa, mama?"

Mimi mwenyewe niliacha kutafuna. Bibi alimrudisha Shabani kwa Mama polepole, akachukua kombeo langu, akashuka ngazi, akaenda zake mwisho wa shamba kufukuza ndege ambao hawakuwepo.

Ndivyo Mama alivyopata nafasi ya kupika. Alikuna nazi kwenye mbuzi, akakamua kwa kifumbu bila kuongeza maji mengi, tui likatoka zito linashika kwenye vidole. Akapasua yai, akalipiga na tui kwa uma ndani ya kisufuria mpaka rangi ikawa kama ya jua la saa moja asubuhi. Chumvi kidole kimoja. Kisha kazi yenyewe, ambayo mpaka leo inanishinda ninapokuwa na haraka: moto mdogo sana, mwiko usiache kuzunguka, na sufuria itoke motoni kabla tui halijakatika na kuachana na yai. Kikiwiva vizuri, hakiwi uji na hakiwi kimanda. Kinatetemeka. Shabani alikionja, akafumba macho, akafungua mdomo tena kama kinda.

Mimi nilipewa sufuria nilambe. Hapo ndipo utafiti wangu wa kwanza maishani ulipoanza. Nilikuwa na nadharia. Niliamini maneno yanakaa kwenye kifuko chini ya ulimi, na nilikuwa nimeosha vyombo vya kutosha kujua kwamba yai likikauka kwenye sahani halitoki mpaka ulisugue kwa mchanga. Kumbe Bibi anaweza kuwa sahihi! Yai linagandisha mdomo wa kile kifuko. Ila kuku je? Kuku amejaa mayai tumboni na bado anapiga kelele vile. Kitu hakikukaa sawa. Basi kila nikimaliza kulamba sufuria, nilijipima. Nilikaa pembeni nikataja majina ya samaki wote ninaowajua, kisha majirani wote, kisha miezi ya Kiislamu, nione kama kuna neno limekwama. Nilimpima na Shabani pia. Nilimtia kidole chini ya ulimi nitafute kifuko. Aliniuma. Meno yake, nikaripoti kwa Mama, yanafanya kazi.

Sikusomea lishe. Nilisomea mambo mengine kabisa, lakini chuoni kila nilipopita kwenye rafu ya vitabu vya lishe nilijikuta nimesimama, natafuta yai. Nilikuwa bado nabishana na Bibi. Na nilichokuta kilinisisimua kiasi kwamba nilimsumbua kila aliyekaa karibu nami. Uji wa mchele ni maji na wanga. Unajaza tumbo dogo la mtoto kabla haujampa cha kujengea mwili. Yai lina protini iliyokamilika, yenye kila kipande ambacho mwili unakihitaji na hauwezi kujitengenezea. Kiini kina vitamini A ya macho na ya kupambana na maradhi, kina B12 inayohitajika kwa damu na mishipa ya fahamu, na kina kitu kinaitwa kolini, ambacho mwili hukitumia kujenga ubongo. Ubongo! Nilicheka mpaka maktaba nzima ikanigeukia. Kitu kile kile tulichosema kinafunga ulimi ndicho chenye malighafi ya mahali maneno yanapotengenezwa.

Na tui? Tui ni mafuta, na mtoto aliyekonda anahitaji mafuta, kwa sababu kijiko kimoja chake kina nguvu ambazo uji unazifikia kwa vijiko vingi. Mafuta hayo pia yanalainisha yai mpaka mtoto asiye na hamu anaweza kulimeza. Nesi alijua alichokuwa anasema.

Lakini mimi ni mtu wa kubisha, hata nikibisha upande wangu. Yai si muujiza. Lina madini ya chuma, ila mwili hauyachukui vizuri kama tunavyodhani. Vitamini C halina kabisa, na Shabani angehitaji matunda na mboga vilevile. Na yale mafuta ya tui yanayomfaa mtoto aliyekonda, baba yangu mwenye presha ameambiwa ayapunguze. Chakula hakina sifa peke yake. Inategemea kinaingia kwenye mwili wa nani, na mwili huo umekosa nini.

Mwili wa Shabani ulikuwa umekosa karibu kila kitu, na ulionyesha. Mashavu yakaja kwanza. Kisha mapaja yakaweka mikunjo. Akaanza kusimama kutwa ameshika ukuta wa fito za dungu, anachungulia shamba, anatingisha makalio. Mama alikuwa anambonyeza kila asubuhi kama mtu anayechagua papai sokoni.

Ila hakusema. Mwili ulijaa, mdomo ukabaki kimya. Bi Tatu alipita na mtumbwi, akamtazama, akasema, "Mashallah, kanenepa," kisha akaongeza kwa sauti ya chini ambayo alihakikisha tunaisikia, "Sasa kilichobaki ni hicho kingine." Selemani hakuwa na haja ya sauti ya chini.

"Mdogo wako atauza samaki kwa vidole!"

"Na wewe utauza mdomo!" nikamjibu.

"Mimi ninao wa kuuza! Yeye je?"

Nilimrushia donge la udongo, likaanguka kwenye maji. Lakini usiku huo sikujipima kwa majina ya samaki. Niliogopa.

Aliyeogopa zaidi alikuwa Mama. Ninamkumbuka amekaa na Shabani magotini, anamwambia, "Sema mama. Ma-ma. Sema, mwanangu," na yeye anamshika mdomo kwa mkono mnene, anacheka, hasemi. Siku moja asubuhi nilishuka kuokota yai, nikampelekea Mama. Akalishika muda mrefu. Kisha akalirudisha mkononi mwangu.

"Lirudishe chini ya kuku."

"Hupiki?"

"Lirudishe."

Bibi alikuwa hapo anasuka ukili. Alimtazama Mama, na nilitegemea atasema, "Niliwaambia." Badala yake alisogea, akamwekea Mama mkono begani, akaendelea kusuka kwa mkono mmoja, kazi ambayo haiwezekani. Siku ile Shabani alikula uji mtupu. Na siku iliyofuata. Aliugeuzia mgongo.

Ndipo ndege walipokuja. Si kundi, ni mbingu nzima. Walitokea upande wa mikoko, wakageuka kwa pamoja kama kitambaa kinachokung'utwa, wakashuka kwenye mpunga uliojaa maziwa. Mama alishuka ngazi mbiombio na debe, Bibi nyuma yake na kombeo, wakagawana shamba, mmoja mwisho huu na mwingine mwisho ule. "Kaa na mtoto!" Mama aliniambia. "Piga kelele kutoka juu! Usinyamaze!"

Sikunyamaza. Nilipiga kelele mpaka koo likawaka. "Huyaaa! Tokaaa!" Kila dungu lilikuwa linalia, madebe yanapigwa, ndege wananyanyuka hapa wanatua pale. Nikavuta pumzi nipige nyingine, mdomo ukafunguka, na hakikutoka kitu. Nikajaribu tena. Pumzi tupu. Sauti ilikuwa imekwenda.

Siwezi kueleza hofu ile kwa mtu ambaye hakuwahi kulamba zile sufuria zote. Yai limenipata! Limechelewa tu njiani, lakini limefika! Nilishika koo langu kwa mikono miwili. Nikajaribu kutaja samaki wangu: changu, kisha kolekole, kisha kamba. Hakuna.

Na wakati huo huo, karibu sana, sauti nyembamba ikapenya, "Tokaaa! Wizi weee!"

Selemani, nikawaza kwa wivu. Nikageuka kumtazama. Selemani alikuwa mbali kule kwao, ndani ya maji mpaka magotini, ameinama anachimbua udongo wa kombeo lake. Mdomo wake ulikuwa umefungwa. Pengine ilikuwa mara ya kwanza msimu ule.

"Wizi weee!"

Nikageuka taratibu. Shabani alikuwa amesimama, ameshika fito kwa mikono yote miwili, shingo imekaza, mdomo wazi mpaka nikaona lile jino lililoniuma. Mbele yake, ndege waliokuwa wametua karibu na dungu wakaruka. Akawatazama wakienda. Akatingisha makalio.

Kisha nikaelewa kitu kingine. Ile sauti nilikuwa naijua. Nilikuwa naisikia tangu zamani, asubuhi na jioni, na kila mara nilidhani ni Selemani kwenye dungu lake. Mara nyingine niliipokea, nikajibu "Huyaaa!" na ikanijibu. Sote tulikuwa tumekaa tunasubiri aseme mama, baba, maji. Yeye alijifunza yale yaliyokuwa yanasemwa kwa sauti kubwa kuliko yote, na akayasema kwa wale wale waliokuwa wanaambiwa. Katikati ya kelele zile, nani angejua?

Nilitaka kumwita Mama. Sikuwa na sauti! Nilichukua sufuria na mwiko nikaanza kuipiga kama mwehu, si kwa mpigo wa ndege, kwa mpigo wa nyoka, ule wa hatari. Mama alitupa debe akaja anakimbia, maji yanaruka mpaka kifuani, Bibi nyuma yake kanga imefunguka.

"Nini? Ameanguka? Kaumwa?"

Nikatikisa kichwa. Nikamnyooshea kidole Shabani, nikasema kwa pumzi, "Anasema."

"Nini?"

"Anasema!"

"Mbona wewe husemi?" Mama alinishika kidevu, uso umemkauka. "Umefanya nini sauti yako?"

Shabani alikuwa ametulia kama maji mtungini. Anatutazama mmoja mmoja. Bibi alibaki chini ya ngazi, hajapanda, amesimama kwenye maji, anahema. Nikamtikisa Shabani. Nikamfinya. Alinitazama kwa dharau. Mama alianza kufunga midomo yake, na nilijua akiikaza vile kinachofuata ni kofi.

Lile kundi likageuka tena. Lilipita juu yetu, kivuli kikafunika dungu, likashuka pale pale mbele ya macho ya Shabani. Yeye akashika fito, akavuta pumzi ambayo niliiona ikishuka mpaka tumboni, tumbo lile la mayai ya tui, na akaitoa yote.

"Tokaaa! Wizi we! Wizi weee!"

Mama aliketi palepale. Alicheka, akalia, akacheka tena, akamkumbatia Shabani ambaye alikuwa anasukuma kifua chake ili aone ndege. Kutoka dungu la jirani Selemani, asiyejua lolote, alipokea, "Mwizi weee!" na mdogo wangu akamjibu. Wakaendelea hivyo, huyu na yule, na mimi bila sauti napiga sufuria kama ngoma ya harusi.

Niliangalia chini kumwona Bibi. Nilitaka kuona uso wa mtu aliyeshindwa, maana nilikuwa mtoto, na kwangu jambo lile lilikuwa na mshindi. Bibi alikuwa amekaa kwenye maji. Siyo kwenye tuta, kwenye maji yenyewe, mpunga umemzunguka, kanga ameivuta ikamfunika uso wote, na mabega yanatikisika. Nikawaza, anaona haya. Nikawaza, atatukasirikia mwezi mzima. Alikaa pale mpaka Mama akashuka kumwinua.

Jioni ile Mama alipika, na ni Bibi aliyeshika kijiko. Alimlisha Shabani mpaka sufuria ikabaki haina hata cha kulamba. Sauti yangu ilirudi baada ya kulala, na jina la kwanza nililolitamka ni changu, yule samaki. Nesi alipokuja, mshale wa mizani ulikwenda mpaka akagonga kioo akidhani umekwama, na Mama alitembea mpaka pwani kwa maringo ya msimu mzima.

Leo Shabani ananadi mitumba Kibiti kwa kipaza sauti, na wenye maduka ya jirani wamemlalamikia mara nyingi. Mimi nilikwenda chuo, nikarudi na kolini yangu na B12 yangu, na kwa miaka nilikisimulia kisa hiki kama kichekesho: Bibi na imani yake, yai na ulimi. Watu walicheka sana. Nilikisimulia hata siku tulipokaa na Baba kumaliza matanga ya Bibi, nikidhani kitatuliwaza. Baba hakucheka. Aliniuliza kama nilijua kwamba yeye hakuwa mtoto wa kwanza wa mama yake.

Alikuwepo mwingine kabla yake, wa kiume. Alikonda akiwa mdogo, na Bibi, akiwa bado mke mgeni katika nyumba ya wakwe, alimpikia mayai ya tui kwa siri mpaka akanenepa. Mtoto yule hakuwahi kusema neno. Aliishi miaka kadhaa, anacheza, anacheka, ukimwita kwa nyuma hageuki, na hakuna aliyewaza kuyapima masikio yake. Alifariki kabla Baba hajazaliwa. Watu walimwambia Bibi ni yai, na yeye ndiye aliyelipika.